Keki ya ghorofa tatu haibebwi mapajani

Kamati ya harusi ikikaa, hesabu inapigwa mpaka ya maji ya kunywa. Kuna fungu la mapambo, MC, muziki, gari la maharusi, matarumbeta kwa wanaoyataka, halafu ikifika kwenye keki imeandikwa bei ya keki basi. Ukiuliza inafikaje ukumbini unajibiwa "kuna shemeji ana gari, atapita kuichukua". Na huyo shemeji siku hiyo kapewa kazi nyingine tano, anatakiwa apitie suti kwa fundi, amchukue bibi Sinza, arudi na kreti za soda, na maishani mwake hajawahi kubeba keki ya kilo 12.

Mimi naona aliyeitengeneza ndo aifikishe, na alipwe kwa kuifikisha. Wenzangu wengi wa keki tunaogopa kulisema hili maana mteja atahamia kwa anayepeleka bure, ila hiyo bure mara nyingi ni bodaboda jamani.

Watu wanadhani adui wa keki ni spidi. Hapana, ni breki na matuta. Bajaji ikikuchomekea pale Mwenge ukakanyaga breki, gari linasimama ila keki bado inaenda, tabaka la juu linateleza kwenye krimu, na vijiti vya ndani vinalala upande, na kijiti kikishalala hakibebi tena kitu. Maana ndani ya keki ya ghorofa kuna ujenzi kabisa, kila ghorofa inakaa kwenye kadibodi yake ngumu na chini ya hiyo kadibodi kuna vijiti au mirija minene iliyokatwa urefu mmoja, imeshuka mpaka kwenye ubao wa chini, hiyo ndo inabeba uzito, sponji yenyewe haibebi kitu. Huo ujenzi ni wa kubeba mzigo unaoshuka chini, kusukumwa pembeni haukuandaliwa. Kile kijiti kirefu kinachopita katikati ya ghorofa zote kinasaidia kweli, ila kwenye tuta hakifanyi miujiza.

Kwa hiyo za ghorofa tatu na kuendelea ziende zimetenganishwa, kila moja na boksi lake, zipangwe ukumbini. Najua wapo wanaopanga kila kitu nyumbani kwa sababu hawataki kuonekana wanahangaika na aisingi mbele ya wapambaji, na kwa keki fupi ya ghorofa mbili, iliyolala kwenye friji ikakaza vizuri, sibishani nao. Zaidi ya hapo unacheza kamari na pesa ya watu. (Na ghorofa za thermocol, lile povu jeupe gumu, siku hizi ni kawaida tu, yaani juu maboya, chini keki halisi ya kukata, ni nyepesi na haziyeyuki, sioni aibu iko wapi bora mteja aambiwe.)

Kwenye gari keki inakaa chini, kwenye sakafu au kwenye buti lililo bapa, juu ya kile kitambaa cha mpira cha kuzuia kuteleza. Siti imeinama kwa nyuma, mapaja ndo usiseme, mapaja yana joto na mwenye mapaja lazima atapokea simu tu. Noah ukilaza siti za nyuma inafaa sana. Wa Kigamboni pitieni Daraja la Nyerere mlipe tozo yenu, pantoni ina ule mgongo wa kupandia na kushukia na foleni yake ni juani.

Jua sasa. Siagi inalainika mapema na ikifika nyuzi 32 hadi 35 imeshayeyuka, na gari lililopaki juani Januari linazipita hizo nyuzi haraka tu. Washa AC kabla hujaingiza keki, usiingize halafu ndo uanze kupoza. Fondanti, ile sukari laini inayofunika keki kama ngozi, nayo ina vituko vyake, ukiitoa kwenye friji ukaifungua kwenye unyevu wa Dar inatoka jasho, rangi zinachuruzika, kwa hiyo iache ndani ya boksi lililofungwa mpaka ipoteze ubaridi. Wenzetu wa Njombe na Iringa joto haliwasumbui kivile, wao vumbi na makorongo yanawatosha.

Na ukifika kazi haijaisha. Meza ya keki inapambwa kitambaa kizuri kumbe mguu mmoja mfupi, mimi natembea na pima maji kama fundi ujenzi na watu wanacheka, wacheke. Nakataa pia meza kuwekwa ubavuni mwa spika au njiani ambapo maharusi wataingia wakicheza na ukoo mzima nyuma yao. Ikishasimama napiga picha, namtumia mweka hazina wa kamati hapohapo, ili saa nne usiku mtoto akiitia kidole tujue ilikuwa salama saa ngapi.

Ndo maana usafiri na kupanga naviandika mstari wake peke yake kwenye bei, sivifichi ndani ya bei ya kilo ya keki. Kamati inayotaka kuokoa hiyo hela ikamtuma shemeji na IST yake simkatazi, ila aje na buti tupu, spika na kreti za soda ziteremke kwanza, na asaini kabla hajawasha gari.