Virusi vya UKIMWI vikilala visiamke, tuviue vya nini?

Wapo watafiti wanaotaka kuvilaza virusi vya UKIMWI mwilini moja kwa moja, si kuviondoa. Kila nikilisema hili naulizwa: sasa hiyo ni tiba gani? Wanaouliza husahau kwamba sisi wenyewe husema dawa za kufubaza, hatusemi dawa za kuua, na aliyefubaza mpaka kipimo hakivioni virusi hamwambukizi mwenzake kwa ngono.

Kiini cha ubishi ni protini ya seli za kinga iitwayo NF-kappa B. Seli T, seli ya kinga ambamo virusi hivi hujificha, ikishtuliwa, protini hii huwasha jeni za ulinzi. Mwaka 1987 Gary Nabel na David Baltimore walionyesha kuwa huwasha pia jeni za virusi vilivyojichomeka kwenye DNA ya seli. Kinga ikijiandaa kupigana, inamzalisha adui. Seli ikitulia, virusi navyo hulala mahali dawa haziviwezi, na mgonjwa akiacha dawa, mara nyingi virusi hurudi ndani ya wiki chache.

Kambi moja inasema tuviamshe kwa makusudi, kisha kinga iviue. Hoja ina mantiki. Lakini jaribio la RIVER la Uingereza, lililotoa matokeo mwaka 2020, liliwapa dawa ya kuamsha pamoja na chanjo nusu ya washiriki 60, na akiba yao ya virusi vilivyolala haikupungua kuwazidi waliotumia ARV pekee.

Mwaka huohuo yakatoka matokeo ambayo mimi siachi kuyarudia. Watu 64 wanaodhibiti virusi bila dawa walichunguzwa, ikaonekana kuwa virusi vyao vizima mara nyingi vimekaa kwenye majangwa ya DNA, mbali na jeni zinazofanya kazi. Vipo, ni vizima, ila havisomeki. Mwili wenyewe umeonyesha kuwa kufuli, yaani kuvilaza visiamke, linawezekana.

Kambi ya kuua ina jibu zito: huenda virusi hivyo ni masalia tu, kwa kuwa vilivyokaa penye jeni hai viliamka, kinga ikavimaliza. Nakubali, kuua kulitangulia. Hata hivyo, kilichobaki hakikuhitaji kuuawa.

Pingamizi ninaloliogopa ni jingine. Kifua kikuu (TB) huishtua NF-kappa B, ile ile inayoviamsha virusi. Kufuli la maabara halijathibitika mpaka lishike ndani ya mgonjwa anayekohoa TB.