Volkano ya Tanga iko chunguni

Likizo za shule zikikaribia tu, lile tangazo linarudi kwenye makundi ya WhatsApp: ati maji ya kiberiti ya Amboni, hapa Tanga, yanachemshwa na volkano. Safari hii wameongeza na picha ya mlima unaotema moto. Mlima wenyewe, ukiutazama vizuri, ni Ol Doinyo Lengai, wa kule Natron, mkoani Arusha. Wameuhamishia Tanga bila hata kuulipia nauli ya basi.

Jamani, Amboni hakuna volkano. Kuna mawe ya chokaa yaliyotuama chini ya bahari enzi za Jurasiki, miaka kama milioni 150 iliyopita, jamaa wa mawe yanayosagwa pale Pongwe kuwa saruji. Mapango yalichongwa na maji tu. Mvua inapopenya kwenye udongo inabeba hewa ya kaboni, inakuwa na ukali kidogo, inakula chokaa taratibu. Na joto la maji halihitaji mlima wa moto. Kila kilomita moja unayoshuka ardhini joto hupanda nyuzi 25 hadi 30 hivi, hata pasipo volkano. Mvua iliyozama ndani kabisa ikipata ufa wa kurudia juu, inatoka na joto lake. Ile harufu ya yai viza ni gesi ya salfa, ambayo kwa kawaida hutengenezwa na bakteria huko chini kusiko na hewa.

Yule mbwa wa hadithi aliyeingia pangoni Amboni akatokea Kilimanjaro naye tumwache apumzike. Hapa na Kibo, kilele cha Kilimanjaro, ni karibu kilomita 300 kwa mstari ulionyooka, na waliopima mapango mwaka 1994, Wajerumani na Waturuki, walikuta refu kuliko yote ni mita 900.

Anayetaka kijito cha volkano cha kweli aende Engare Sero. Kinashuka kutoka nyanda za juu za Ngorongoro, kinapasua ukingo wa Bonde la Ufa, kinaishia Ziwa Natron, ziwa lisilo na mto wa kutokea. Ukipanda na korongo lake unatembea majini, kuta zimekubana huku na huku, na ukutani tabaka za lava na za majivu zimelaliana kama chapati kwenye sahani. Maji hayaporomoki kutoka juu tu, yanabubujika katikati ya ukuta. Sababu yake ni nyepesi: lava ikipoa hupasukapasuka, kwa hiyo mvua inapenya; majivu ya kale yaliyoshindiliwa yakawa kama mfinyanzi hayapitishi. Maji yakigonga tabaka hilo yanakwenda ubavuni mpaka yakutane na uso wa korongo, hapo yanachomoza. Kuwa macho na mvua ya milimani, maana inaweza kunyesha huko juu wakati wewe chini una jua la utosi. Maji yakianza kugeuka tope, panda pembeni papo hapo, usimalizie picha.

Karibu na hapo zipo nyayo zaidi ya 400 za watu kwenye majivu yaliyoganda, za kati ya miaka 5,000 na 19,000 iliyopita. Nyayo za kweli, zimepimwa. Za mbwa wa Amboni bado tunazingoja.

Sasa tuje kwenye chenyewe kinachoniudhi, maana suala si picha tu. Lengai si mlima kama mingine. Lava yake ni ya magadi, na hakuna volkano nyingine duniani leo inayotoa lava ya namna hiyo. Joto lake ni nyuzi 500 hadi 600 hivi, nusu ya lava ya kawaida. Ikitoka ni nyeusi kama oili chafu, ikipata unyevu inageuka nyeupe. Mvua inayoosha ardhi ya volkano za ukoo huo inabeba sodiamu nyingi, floraidi nyingi (madini yanayoharibu meno yakizidi), na kalsiamu haba. Uhaba huo wa kalsiamu ndio balaa, kwa sababu kalsiamu ndiyo inayoikamata floraidi na kuituliza chini. Kwenye visima vya chokaa kalsiamu imejaa tele, ndiyo maana birika linafanya ukoko mweupe na sabuni inagoma kutoa povu. Tunalalamika, kumbe ukoko ule ni nafuu. Kwenye maji ya volkano sabuni inateleza vizuri, birika safi, na floraidi imo humohumo, haionekani wala hainuki.

Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 1.5 za floraidi kwa lita. Vijito vingi vya miteremko ya Mlima Meru, volkano ya ukoo huo, vinapita hapo mara kadhaa. Mtoto anayekunywa maji hayo meno yanaota na madoa ya kahawia, na kipimo kikizidi kwa miaka mingi mifupa inaharibika. Kuchemsha hakusaidii hata kidogo: maji yanapungua kwa mvuke, floraidi inabaki palepale, kwa hiyo umeikoleza. Kinachosaidia ni chujio la mkaa wa mifupa, kazi iliyofanyiwa utafiti miaka mingi pale Ngurdoto, karibu na Arusha. Mifupa inachomwa kwa hewa kidogo, nyuzi 400 hadi 500 hivi, itoke nyeusi au ya kijivu. Ikiiva nusu, maji yananuka na kuwa na rangi. Ikiungua hadi nyeupe kabisa, nguvu ya kukamata floraidi inapungua sana.

Ukitaka kujua jiwe la Amboni na la Lengai kwa mkono wako, kwaruza unga wake ukamulie ndimu. La chokaa litachemka mapovu. Lakini tahadhari, lava ya magadi nayo inachemka, na hapo wengi wanadanganyika. Dawa ni kutia unga mwingine kwenye glasi ya maji: wa lava mpya ya magadi utayeyuka sehemu kubwa, wa chokaa utakaa chini umetulia.

Haya, nakubali kwa shingo upande: Mto Pangani unaanzia Kilimanjaro na Meru, kwa hiyo maji ya volkano yanafika baharini kwetu, yakiwa yamechanganyika na mito mingine njiani. Lakini tangazo halikusema Pangani.

Na ipo njia nyingine ya floraidi kutufikia, ambayo hakuna anayeitangaza. Yale mabonge ya magadi yanayouzwa sokoni kwa mafungu, ya rangi ya kijivu, hukusanywa kandokando ya maziwa ya Bonde la Ufa yanayolishwa na vijito vya aina hiyohiyo. Jua linakausha maji, sodiamu inaganda, na floraidi inaganda nayo. Halafu mama anayeogopa volkano ya Amboni anatupia kipande kizima kwenye maharage ya watoto. Magadi hayo yametajwa Kilimanjaro na Arusha kuwa chanzo kimoja cha madoa ya meno, hata kwa wanaokunywa maji salama.

Maharage yalowekwe tangu jioni, maji ya kulowekea yamwagwe asubuhi, chungu kifunikwe na moto uwe wa wastani. Yatachelewa kidogo. Makande vivyo hivyo. Kisamvu kikitwangwa sawasawa hakihitaji magadi. Anayeshindwa kuyaacha atie kibano cha vidole viwili, na chakula cha mtoto akipakue kabla ya kuyatia.