Kiti cha Enzi Kilichonuka Supu

Mjomba wangu akisikia harufu ya supu, hata iwe mtaa wa tatu, atafika kabla haijaiva. Naanza na yeye kwa sababu kila kisa cha kile kiti kinaposimuliwa, lawama zote huniangukia mimi, na yeye yupo pale pale barazani anachokoa meno kama hayamhusu.

Nilikuwa mwaka wa pili najifunza useremala kwa fundi mmoja hapa Lamu. Ikaja familia moja yenye harusi, wakataka kiti cha enzi kipya cha kumkalisha bwana harusi. Mnakijua kile: mpingo mtupu, mgongo umesimama wima, mikono mipana, kibao cha kuwekea miguu mbele, na viwambo vya uzi wa pamba uliosukwa mahali ambapo kiti kingine kingekuwa na mbao. Si kiti cha raha. Ukikikalia nusu saa kiuno kinakuuma, lakini waliokitengeneza zamani hawakufikiria kiuno chako, walifikiria wanaokutazama.

Na cha kutazamwa ni njumu. Vile vipande vyeupe, nyota na almasi na vijiti, vilivyozamishwa ndani ya mti mweusi mpaka ukipitisha kidole husikii mpaka wa mti wala wa kipande. Zamani ilikuwa pembe ya ndovu. Mambo hayo yakaisha: 1989 Rais Moi alizitia moto tani 12 za pembe kule Nairobi, na mwaka huo huo mataifa yakakubaliana kuipiga marufuku biashara yenyewe. Fundi akilitaja jambo hilo humalizia kwa kusema, "Ndovu akapona, ng'ombe akabaki na sisi."

Kwa hiyo ni mfupa. Fundi alimaliza mbao zake, akanichorea nyota 18 za ncha nane kwenye mgongo wa kiti, akaniambia anakwenda Mombasa siku sita kumtazama mgonjwa, na njumu ni yangu. Nilivimba kichwa. Kabla ya kupanda boti akaniwekea wasia.

"Chukua muundi wa ng'ombe, ndio wenye ukuta mnene. Kata ncha zote mbili, toa uboho. Chemsha kwa maji matupu, mafuta yakielea mwaga. Chemsha tena na sabuni ya unga, mwaga. Kisha mara ya tatu. Anika kivulini, juani utapasuka. Umesikia? Mfupa wenye mafuta haushiki gundi, na baadaye unageuka rangi kama meno ya mvuta tumbaku."

"Nimesikia, Fundi."

Nilisikia. Lakini kutoa uboho ni kazi chafu, nikasema moto utautoa wenyewe. Nikaipanga miundi sita ndani ya sufuria kubwa ya mama, ile ya pilau, nikaibandika uani juu ya jiko la makaa, nikatoka kwenda kununua sabuni. Ilikuwa Ijumaa, maduka yamefungwa kwa sala. Nikaswali, nikapiga soga kidogo na wenzangu, nikarudi na pakiti yangu mkononi.

Mjomba yuko uani amekalia mbuzi ya kukunia nazi, bakuli mapajani, jasho linamtiririka mpaka kidevuni. Ndani ya sufuria kulikuwa na kitunguu thomu, tangawizi, pilipili manga, bizari nzima, na maganda ya ndimu nne yanaogelea.

"Maashallah, mpwa wangu," alisema bila kuniangalia. "Uboho huu! Lakini hukutia chumvi."

"Mjomba, hiyo ni njumu."

"Njumu gani?"

"Ya kiti."

Akalitazama bakuli, akanitazama mimi, akalitazama tena bakuli.

"Basi hicho kiti ni kitamu," akasema, na akapiga ukelele kuwaita wenzake wawili wa barazani.

Mpaka magharibi sufuria ilikuwa imekauka. Wazee wale watatu, na meno yao yakijumlishwa hayazidi ya mtu mmoja mzima, waliigonga ile miundi, wakaifyonza, wakaiguguna, wakaniachia mfupa mweupe unaong'aa. Niliushika, nikaugeuza kwenye mwanga wa taa. Mweupe pee! Nikajiuliza, sabuni ya nini tena? Makaa yenyewe yamekwisha. Pakiti nikampa mama afulie.

Nikaanika darini. Juani, nikiri yote. Kesho yake vipande viwili havipo, na ukutani kuna paka amekaa, ananitazama kwa heshima kubwa. Sikulitilia maanani. Lamu paka ni wengi kuliko watu wanaowadai.

Kazi yenyewe niliifanya vizuri, na hili hata Fundi hajalikataa. Nilikata vipande kwa msumeno mdogo, nikavilainisha kwa tupa, nikaweka kila kimoja juu ya mti na kukizungushia alama kwa ncha ya kisu, ndipo nikachimba kwa patasi nyembamba ndani ya ile alama, kina cha ukucha kwenda chini. Palipobaki mwanya nilijaza unga wa mpingo uliochanganywa na gundi. Halafu msasa, mkavu hata mkono ukufe ganzi, halafu nta. Nyota 18 zikatoka kwenye ule weusi kama usiku wa mwezi mchanga. Msasa ulipopata moto niliisikia harufu ya tangawizi, nikadhani ni kwa jirani.

Fundi akarudi. Alipapasa, akainama, akatazama upande upande kwenye mwanga wa mlango. Macho yake yanaona unywele. Pua yake, baada ya miaka arubaini ya vumbi la mpingo, haijui hata marashi na samaki wa kukaanga vina tofauti gani. "Umefanya kazi," akasema. Sikulala kwa furaha.

Siku ya harusi kiti kilipakiwa juu ya punda, kikashushwa kwenye kiwanja cha wenyewe. Ilikuwa kaskazi, alasiri, joto la kumtoa nyoka pangoni. Bwana harusi akakalishwa, joho jeusi, kilemba, jambia kiunoni, ameagizwa asicheke wala asitikisike. Zumari inalia, vijana wanacheza kirumbizi na fimbo zao, kahawa inapita.

Paka wa kwanza alikuja akakaa mbele ya kibao cha miguu. Watu wakacheka. Wa pili na wa tatu wakasemwa wamefuata pilau. Lakini pilau ilikuwa upande wa pili, na wale paka wameipa mgongo. Walipofika tisa, mzee mmoja akainua kidole: "Paka humjua mtu mwenye moyo safi." Shangazi mtu akapiga kigelegele dirishani. Bwana harusi, masikini, akakaza shingo zaidi, amejaa utukufu.

Mimi nimesimama nyuma na Fundi, na hapo ndipo ile harufu ikanifikia. Joto la jua na joto la mgongo wa mtu vilikuwa vimeyayeyusha mafuta ndani ya mfupa. Kiti kilikuwa kinatoa jasho. Kitunguu thomu, tangawizi, ndimu kwa mbali.

Paka mmoja wa manjano akapanda kwa nyuma, kucha kwenye kile kiwambo cha uzi, kr-kr-kr, akafika usawa wa sikio la bwana harusi, akaanza kuilamba nyota. Akalamba, akalamba, nyota ikalegea, akaing'oa kwa meno, akaruka nayo. Wenzake wakaona kumbe inawezekana.

Katikati ya kimya cha mshangao kitoto kimoja kikasema kwa sauti ya mwadhini, "Mama, kiti kinanuka supu!"

Bwana harusi akasimama kwa kishindo. Alipogeuka tukaona mgongo wa joho: nyota tano zimenasa kwenye nta, zimepangika vizuri ajabu, mithili ya cheo cha jenerali. Aliondoka hivyo hivyo kwenda kwa mkewe, na nyuma yake, kabla ya zumari, kabla ya wazee, paka kumi na moja.

Mjomba alikuwa kwenye umati. Nilimwona akivuta hewa, akafumba macho, akatikisa kichwa kwa kumbukumbu njema.

Fundi hakunifokea. Jioni alizing'oa zilizobaki kwa ncha ya patasi, akazitia kwenye kopo la maziwa, akalifunga, akanipa pesa ya miundi mingine sita. Hakusema neno, na heri angesema.

Safari hii nilitoa uboho wote kwa kijiti. Nilichemsha, nikamwaga. Nikatia maji mapya na sabuni ya unga, pakiti nzima, nikakaa hapo hapo na mwiko kama askari wa zamu. Saa tano mlango wa uani ukalia. Ni Mjomba, kashika bakuli lake, ndimu mbili, na kifuko kidogo mkononi.

"Leo nimekuja na chumvi yangu," akasema. Akachungulia sufuriani. "Maashallah, povu hili! Ng'ombe alinona huyu."

Nilimtazama, nikafikiria paka kumi na moja. Nikanyamaza. Mjomba akatia chumvi.