Tulivyompokea Mgeni Asiye Wetu

Sisi wastaafu wa Jeshi la Anga tulioishia Mtwara si wengi, lakini kelele zetu ni za kikosi kizima, na sababu yake ni ya kitabibu. Injini ya ndege ya kivita ikinguruma karibu nawe hupita desibeli 120, na wengi wetu tulizihudumia injini hizo pale Ngerengere, kambi iliyojengwa kwa msaada wa Wachina huko Morogoro, enzi ambazo kinga ya masikio ilikuwa pamba, tena siku ambayo umeikumbuka. Ndiyo maana tunapokutana kila mwezi chini ya mkorosho, nyumbani kwa rubani wetu huko Mikindani, wapita njia hudhani tunagombana, kumbe ndio kwanza tunajuliana hali.

Rubani huyo aliendesha Caribou, ndege za mizigo kutoka Kanada, kwa kuwa katika miaka ya 1960 Wakanada ndio waliotufundisha kuruka, na mpaka leo hawezi kupita kando ya kiwanja cha mpira bila kukipima kwa macho kama Caribou ingetua. Mimi nilikuwa fundi wa injini za ndege za kivita za Kichina, ambazo kwetu sisi mafundi jina lake lilikuwa “Mchina” tu, na MiG-21 ilikuwa “Mrusi”. Yupo mwongoza ndege, ambaye hawezi kunyamaza ndege yoyote ikiwa angani. Yupo aliyekuwa mtunza stoo, tunayemwita Mjomba kwa sababu kila kuruti aliyepewa buti lisilomtosha alimwendea kwa kumlalamikia, “Mjomba, nisaidie.” Mjomba ndiye mhazini wa mfuko wetu wa kuzikana. Ana daftari la stakabadhi, kidau cha wino na muhuri wa IMEPOKELEWA, na sijapata kuona karatasi iliyopita mikononi mwake ikatoka bila alama.

Kisha yupo mwenzetu aliyekuwa Mwanza wakati wa Vita vya Kagera. Yeye ana kisa kimoja, lakini ni cha kweli na kinamtosha: Machi 1979 ndege ya Libya aina ya Tu-22 ilitumwa kuja kumsaidia Idi Amin kwa kuupiga mji huo, ikakosa shabaha, na mabomu yakaangukia Kisiwa cha Saanane, kwenye hifadhi ya wanyama, yakaua swala. Historia inakubali hadi hapo. Ila kwa mwenzetu swala hao huongezeka kila mwaka, na kwa hesabu yake ya hivi karibuni sidhani kama kisiwa chenyewe kingewatosha kusimama. Hatumpingi, maana kila mmoja wetu ana swala wake. Visa tumevisimulia mara nyingi mno hata hatujui tena nani alikuwepo na nani alihadithiwa, na ukikohoa tu katikati ya kisa cha mwenzako, mwaka unaofuata utajikuta umo ndani yake.

Basi alikuwepo mwenzetu mmoja, fundi wa breki na magurudumu, aliyestaafu na kubaki Dar es Salaam, ambaye hatukuwa tumemtia machoni tangu miaka ya 1980. Mawasiliano yetu naye yalikuwa ya simu, na simu ya viziwi wawili ni jambo la kushuhudia: spika imewashwa huku, spika imewashwa kule, kila upande unajibu swali ambalo haukuulizwa, na mwisho wote wanaagana kwa furaha. Katika simu ya namna hiyo tulielewa kwamba anakuja Jumamosi na kwamba atafika alasiri. Anakuja kwa chombo gani, hakuna aliyeuliza. Mwanajeshi wa anga angekuja kwa nini kingine kama si ndege?

Jumamosi hiyo tukajipanga kwenye uwanja wa ndege wa Mtwara, mashati meupe yamepigwa pasi, nishani kifuani (sare tulikwisha kuzirudisha, kama sheria inavyotaka), tukiwa tumekodi bajaji mbili. Ndege ilipotokea upande wa bahari, mwongoza ndege wetu akaanza kazi bila kuombwa: imekuja juu mno, sasa inashuka vizuri, magurudumu yapo, njia ni mita 2,800 kwa hiyo asiwe na haraka ya breki. Abiria walianza kutoka. Walitoka vijana, akina mama wenye watoto, kisha mzee mmoja mrefu wa suti ya kijivu na begi la ngozi, akasimama, akawa anatazama huku na huku kama mtu anayetafuta wenyeji wake.

“Ndiye,” alisema rubani. “Tazama anavyotembea.”

Mtu yule alikuwa amesimama, lakini hakuna aliyelitilia hilo maanani. Mjomba akatoa amri, tukapiga saluti kwa pamoja, na nadhani kishindo chetu kiliwashtua hata wabeba mizigo. Mzee wa suti akaganda kidogo, kisha akainama, akaja na mikono miwili mbele: “Shikamooni, wazee wangu. Sikutarajia mapokezi makubwa kiasi hiki.” Kwa kweli shikamoo kutoka kwa mtu wa rika letu ilinigonga kidogo, lakini rubani akasema kwamba yule bwana tangu ukuruti alikuwa na adabu za kupitiliza, na Mjomba akaapa kuwa anazikumbuka. Tulimshika mgeni mkono, huyu kulia na yule kushoto, tukamtia katika bajaji ya kwanza kwa mwendo wa haraka.

Nilikaa naye, rubani akiwa upande wa pili. Rubani akamwinamia sikioni na kumpigia kelele, “Unaikumbuka Caribou?”

“Asante, nimeshakaribia,” alijibu mgeni kwa upole.

Tulicheka hadi dereva akageuka. Nikaona ni zamu yangu, nikamuuliza, “Na yule Mchina? Ulimwacha katika hali gani?”

Mgeni alionekana kufikiri, kisha akasema kwa uangalifu, “Mchina tunaye bado. Analipa kwa wakati, na kijana amekwisha pandishwa cheo.” Sikuelewa kijana ni nani, lakini nilifurahi kusikia kwamba Mchina bado yupo, kwani nilidhani wote walikwisha kugeuzwa chuma chakavu.

Mikindani tulikuta mkeka umetandikwa: wali wa nazi, pweza wa kukaanga, ming'oko ya kuchemsha, korosho za kubangua siku ileile. Mgeni alikula kwa tahadhari kubwa, akisifu kila kitu na kila aliyekipika, na baada ya kunawa tukaanza kumkumbusha. Mmoja akamkumbusha usiku wa mvua tulipoisukuma ndege kwa mikono hadi bandani. Mgeni akajibu kwamba mambo ya aina hiyo ndiyo huunganisha watu. Mwingine akamkumbusha siku alipofungiwa rumande kwa kulala lindoni, naye akatikisa kichwa na kusema kwamba ujana una mengi, na kwamba muhimu ni mtu abadilike. Tuliguswa sana. Mjomba alifuta machozi kabisa, ingawa aliyelala lindoni, ukitaka niseme ukweli, alikuwa Mjomba.

Ndipo mwenzetu wa Mwanza akajikohoza, akamleta Tu-22, akakosa shabaha na kuanza kuwahesabu swala. Mgeni alisikiliza mpaka mwisho, akaweka mkono kifuani. “Poleni sana kwa mifugo, wazee wangu. Lakini upande wetu umeniagiza niseme kwamba kwa mbuzi hatutasumbuana. Idadi mtakayoitamka, tutaileta.”

Palikuwa na ukimya mfupi. Mwongoza ndege alinitazama, nami nikamtazama rubani, na rubani akatoa uamuzi kwamba yule mtu amechoka na safari. Kabla hatujalichunguza jambo hilo zaidi, mgeni alisimama, akafunga vifungo vya koti na kuuliza kwa sauti rasmi, “Sasa kwa ruhusa yenu, Mjomba ni yupi?”

“Mimi hapa!” alisema Mjomba, akifurahi kwamba hata jina lake limekumbukwa.

Mgeni akafungua begi, akatoa kitu kilichoviringishwa katika kitambaa cheupe, akapiga goti moja na kumkabidhi. Ndani ya kitambaa mlikuwa na bahasha, na ndani ya bahasha barua na noti za shilingi 10,000. Mjomba hakuisoma barua ile, kwa sababu miwani yake ni ya kuhesabia fedha na si ya kusomea. Alihesabu noti mara mbili, akaipiga barua muhuri wa IMEPOKELEWA pamoja na tarehe, akaitia katika faili, kisha akachana stakabadhi na kumpa mgeni kwa mikono miwili. Tulimpigia makofi, maana michango ya namna ile haiji kila mwezi.

Mgeni aliisoma stakabadhi. Akaisoma tena. Nilimwona akitafuta mahali pa kukaa. Ilikuwa imeandikwa, kwa hati nzuri ya Mjomba: “Mchango wa mazishi.”

“Wazee wangu,” alisema kwa sauti iliyopungua, “kwani binti amefariki lini?”

“Binti yupi?” tuliuliza wote, na hiyo ndiyo mara ya kwanza alasiri ile tulipojibu swali lililoulizwa.

Kumbe yule bwana alikuwa mshenga. Alitumwa kutoka Dar es Salaam kupeleka posa kwa familia moja ya Chikongola ambayo hakuwa ameonana nayo hata siku moja, akaambiwa tu kwamba wazee watampokea uwanjani na kwamba, kwa kuwa hawa ni Wamakonde, neno la mwisho ni la mjomba wa binti, kwa hiyo asithubutu kumkabidhi barua mtu mwingine. Bwana harusi anafanya kazi kwa mkandarasi wa Kichina. Mshenga alikuwa amezima simu tangu ndege ilipotua, kwa adabu ya ukweni. Aliyasikia yote tuliyosimulia, ya rumande, ya kusukuma ndege na ya swala, akayachukulia kuwa ni mafumbo ya wazee wa Kusini, akawa anayajibu kwa kadiri alivyojaliwa.

Tulikuwa bado tunapiga kelele za kuelezana wakati pikipiki iliposimama chini ya mkorosho, akashuka mtu mfupi, mnene, mwenye vumbi la barabara nzima. Huyo ndiye fundi wetu wa breki. Alikuwa amekuja kwa basi, kupitia Daraja la Mkapa na Nangurukuru, ambako simu yake ilikata chaji. Ndege hapandi. Anasema kwamba mtu aliyefunga bolti za ndege kwa maisha yake yote ya kazi anajua kuwa bolti hufungwa na binadamu. Alitutazama mmoja mmoja, akamtazama mgeni wa suti aliyekalia kigoda chake, akauliza kama kuna pweza aliyebaki.

Hatukuwa na nafasi ya kumkumbatia ipasavyo. Mshenga aliwasha simu, nayo ikaanza kutetemeka mfululizo mkononi mwake. Tukakubaliana kumsindikiza Chikongola sisi wote, akiwemo fundi wa breki na sahani yake, ili tueleze kilichotokea kwa heshima, na hapo ndipo tulipoongeza chumvi kwenye kidonda. Mjomba halisi wa binti alikuwa amefika uwanjani mapema akasimama kwenye geti. Alimwona mtu wa suti anayelingana na maelezo aliyopewa, akaona wanaume wenye nishani wakimpokea kwa kishindo, wakimshika mikono yote miwili na kuondoka naye upesi. Alirudi nyumbani na taarifa kwamba ukoo wa yule kijana si wa kuoana nao, kwa sababu mshenga wao amekamatwa na wanajeshi kabla hajatoka uwanjani.

Kwa hiyo bajaji mbili ziliposimama mlangoni na sisi tukateremka na nishani zetu, vijana wawili waliruka ukuta wa nyuma, na bibi wa binti akatangaza kwa sauti kwamba katika nyumba ile hamna kitu chochote cha magendo. Rubani alijaribu kutuliza hali kwa kupiga saluti. Haikusaidia.

Maelezo yalichukua muda, kwanza kwa sababu yalikuwa marefu, pili kwa sababu tuliyatoa sote kwa pamoja. Walipoelewa, walicheka hadi wale vijana wakarudi kwa kupitia mlango mkubwa. Mjomba wa binti peke yake hakucheka. Alinyoosha mkono, akaomba barua yake. Mjomba wetu akasema kwamba barua ni halali yake, lakini fedha zimekwisha kuingia kwenye vitabu, na katiba ya mfuko wetu hairuhusu kutoa kitu bila kikao. Ikabidi tutoke nje, tukakaa kikao cha dharura ndani ya bajaji moja, fundi wa breki akiwa mwenyekiti kwa kuwa ndiye pekee asiyehusika, na azimio likapita.

Mjomba wa binti aliifungua barua, akakutana na muhuri mwekundu katikati ya jina la mpwa wake. Aliutazama kwa muda mrefu. Kisha akatangaza kwamba posa haiwezi kupokewa ikiwa imekwisha kupokewa, na kwamba kosa hilo lina faini, tena faini hiyo haimhusu mshenga wala kijana. Mjomba wetu hakubisha, kwani taratibu anaziheshimu hata zinapomuumiza. Alitoa fedha mfukoni mwake, akazihesabu mara mbili, akamkabidhi, kisha akabaki amesimama palepale na mkono mbele, akidai stakabadhi.

Ikachanwa karatasi ya daftari la shule la mtoto mmoja wa pale, na mjomba wa binti akaandika kwa herufi kubwa: “Nimepokea faini ya posa kutoka kwa Jeshi la Anga.” Mjomba ameigonga muhuri, na ipo kwenye faili.