Tusingoje CCM ichoke kwa umri

Kila nikipiga simu Dar nasikia yaleyale: "Hawa CCM wamekaa mno, zamu yao ya kuanguka imekaribia." Mimi naishi Göteborg, Uswidi, na jambo hili linaniuma, kwa sababu takwimu za dunia hazitupi faraja hiyo.

Utawala huwa dhaifu zaidi miaka yake ya mwanzo. Ukishavuka hapo, mara nyingi hatari ya kuanguka hupungua kadiri unavyokaa. Tawala za kijeshi kwa kawaida huondoka mapema. Ukiacha za kifalme, za chama ndizo hudumu kuliko zote, maana chama hubadilisha dereva gari likiwa mwendoni. Chama cha PRI cha Mexico kilikaa madarakani miaka 71, 1929 hadi 2000. Sisi, tangu 1961 chini ya TANU, chama kilichozaa CCM, tumebadilisha marais tu.

Huku nako chama kimoja, Social Democrats, kilitawala karibu mfululizo 1932 hadi 1976, kikiwa na mizizi katika vyama vya wafanyakazi. Lakini waziri mkuu wao Olof Palme, rafiki wa Mwalimu Nyerere, aliposhindwa 1976 alikabidhi ofisi, akarudi kwa kura 1982. Mwaka 2022 kambi pinzani ilipata viti 176 dhidi ya 173, na waziri mkuu Magdalena Andersson akajiuzulu. Kampeni zikifika, vyama huweka vibanda vya mbao uwanjani katikati ya mji, kila kimoja na rangi yake. Unakunywa kahawa kwa hawa, unahamia kwa wale, hakuna anayekuuliza kitu.

Kwetu, ukitaka barua ya utambulisho, mtaa mwingi bado unakuelekeza kwanza kwa mjumbe wa shina, naye ni wa CCM. Uwanja wa Kirumba Mwanza na Sokoine Mbeya ni vya enzi ya chama kimoja. Vyama vingi vilirudi 1992, viwanja vikabaki mikononi mwa chama. Na 2025 CHADEMA, chama kikuu cha upinzani, haikuwemo hata kwenye karatasi ya kura.

Mtaniambia Botswana: chama tawala BDP kilianguka 2024 baada ya miaka 58. Kweli, na nilifurahi sana. Lakini pale ajira zilikuwa haba, almasi imeshuka bei, wapinzani walikuwa kwenye karatasi ya kura, na Rais Masisi alikubali kushindwa hata kabla hesabu haijakamilika. Umri wa chama haukufanya kazi hiyo.

Kwa hiyo ndugu zangu, tudai vitu vinavyoshikika: barua itolewe na serikali ya mtaa pekee, viwanja virudi halmashauri, na tume ya uchaguzi ambayo wajumbe wake hawateuliwi na rais ambaye naye ni mgombea.