Nani achore herufi: mfumo endeshi au programu yenyewe?

Andika neno "katika" kwenye LibreOffice, uchague fonti ya Carlito, kisha ukuze ukurasa hadi asilimia 400. Utaona t na i zimeshikana na kuwa umbo moja. Sasa nenda kwenye kisanduku cha jina la fonti uandike Carlito:-liga. Herufi zinaachana. Waraka haukuguswa, ni zile zile herufi sita. Kilichobadilika ni uamuzi wa hatua inayogeuza herufi kuwa maumbo, na hatua hiyo ndiyo inayowagombanisha waandishi wa programu za kompyuta za mezani tangu zamani: kazi ya kuchora maandishi iachiwe mfumo endeshi, yaani DirectWrite kwenye Windows na Core Text kwenye macOS, au programu ibebe injini yake, ambayo kwa kawaida ni FreeType, inayojaza pikseli, pamoja na HarfBuzz, inayopanga maumbo?

Pande zote mbili zina hoja nzito. Kinachoharibu mjadala ni kuuliza kana kwamba kuchora maandishi ni kazi moja, wakati ni kazi nne. Ya kwanza ni kutafuta fonti, pamoja na fonti ya akiba pale ile iliyochaguliwa inapokosa herufi fulani. Ya pili ni kugeuza mfuatano wa herufi kuwa maumbo na kuamua kila umbo likae wapi. Ya tatu ni kupanga mistari. Ya nne ni kujaza pikseli. Anayeijibu ya nne vizuri hajalazimika kuijibu ya pili vile vile.

Tuanze na pikseli, kwa sababu hapo mfumo endeshi una haki zaidi. Windows imekuwa na ClearType, njia ya kulainisha kingo za herufi kwa kutumia nusu-pikseli (vijisehemu vyekundu, kijani na buluu vya kila pikseli), tangu XP ya mwaka 2001, na mtumiaji ana mahali pa kuirekebisha kulingana na macho yake na skrini yake. Thamani ya ukolezi huhifadhiwa kwenye rejista kwa jina FontSmoothingGamma, kati ya 1000 na 2200. Mtu aliyekaa akachagua kati ya vielelezo vya ClearType mpaka maandishi yakamkalia vizuri, kisha akafungua programu inayopuuza yote hayo, ataona herufi zimefifia au zimenenepa, na ataulaumu mkono wako, si kompyuta yake. Kwenye Mac mambo ni tofauti kabisa: tangu Mojave ya 2018, Apple iliacha kutumia rangi za nusu-pikseli kwa chaguo-msingi, ila bado hunenepesha kidogo mistari ya herufi. Programu iliyobeba injini yake na kupaka kingo za herufi wekundu na ubuluu kwenye Mac ya leo inajionyesha mara moja kuwa ni mgeni.

Mpangilio wa nusu-pikseli nao si sheria ya maumbile. Skrini ikigeuzwa wima, nyekundu, kijani na buluu hazikai tena kushoto-kulia. Skrini nyingi za OLED zina mpangilio wao. Ukiandika injini yako ukadhani kila skrini ni nyekundu-kijani-buluu kwa mlalo, kuna watu watakaosoma maandishi yenye ukungu wa rangi. Na hata ukiwa ndani ya DirectWrite, kosa hili linakusubiri mahali pengine: ukichora maandishi ya ClearType juu ya tabaka lenye uwazi, rangi za kingo hukosa usuli wa kuchanganyika nao, na kila herufi huvaa pindo. Dawa ni kubadili tabaka hilo liwe D2D1_TEXT_ANTIALIAS_MODE_GRAYSCALE, au kuhakikisha usuli umejazwa kabla ya maandishi kuwekwa.

Hoja ya pili ya upande huu ni fonti ya akiba. Hapa wengi hawajui wanachojitwisha mpaka mzigo uwe begani. Programu iliyobeba fonti moja ya Kilatini itaandika Kiswahili chote bila taabu, hadi mtumiaji abandike jina la mteja kwa Kichina au kikaragosi cha uso unaocheka, na badala yake yatokee masanduku matupu. Fonti moja ya Noto ya Kichina, Kijapani na Kikorea ina uzito wa megabaiti zaidi ya kumi, kwa unene mmoja tu wa herufi. Mfumo endeshi tayari unazo, na una njia ya kuziuliza: IDWriteFontFallback tangu Windows 8.1, CTFontCreateForString kwenye Mac. Huwezi kuzichukua fonti za Windows na kuzifungasha ndani ya programu yako, leseni haikuruhusu.

Usalama hutajwa na pande zote, na kila upande huchagua mfano unaoupendeza. Oktoba 2020 iligunduliwa hitilafu ndani ya FreeType, CVE-2020-15999, kwenye sehemu inayosoma picha za PNG zilizomo ndani ya fonti, na tayari ilikuwa inatumiwa na wavamizi. Toleo la 2.10.4 liliiziba. Ila kuziba FreeType si kuziba programu iliyoibeba. Kila aliyeifungasha alipaswa kutoa toleo jipya yeye mwenyewe, na wako waliokuwa wameisahau kabisa kwamba imo. Upande wa pili hujibu kwa Julai 2015, Microsoft ilipolazimika kutoa kiraka cha dharura, MS15-078, kwa sababu maktaba ya fonti ya Adobe iliyokuwa ikifanya kazi ndani ya kiini cha Windows ilimpa mvamizi mamlaka ya mashine nzima kupitia fonti. Tena Februari 2018 mfuatano mmoja wa herufi za Kitelugu uliangusha programu za iPhone na Mac kupitia Core Text. Kwa maoni yangu hoja hii haiamui chochote peke yake. Inakuuliza tu kama una mtu wa kufuatilia matoleo ya maktaba unazozibeba. Kama huna, usizibebe.

Sasa twende kwenye hatua ya pili na ya tatu, ambako mizani inageuka.

Chukua mstari wa Kiswahili wenye herufi 80. Si ajabu kukuta a 15 ndani yake au zaidi. Tuseme a ina upana wa pikseli 7.4. GDI, njia ya zamani ya Windows ya kuchora, huuzungusha upana huo kuwa 7. DirectWrite katika hali yake ya asili huuacha 7.4. Tofauti ni pikseli 6 kwa herufi a peke yake, na zinatosha kulivuta juu neno lililokuwa limebaki nje kwa pikseli 5. Mstari mmoja ukibadilika, aya inabadilika; aya ikibadilika, jedwali linarukia ukurasa wa pili. LibreOffice iliishi na balaa hili kwa miaka, maana kila mfumo endeshi ulikuwa na njia yake ya kupanga maumbo. Toleo la 5.3, la mwaka 2017, likahamishia kazi hiyo kwa HarfBuzz kwenye mifumo yote. Mkataba unaotoka Nairobi kwenye Windows na kufunguliwa Arusha kwenye Linux unapaswa kukatika mistari pale pale, ili mradi fonti ni ile ile. Kwa programu ya nyaraka, hilo si urembo.

Kimo cha mstari nacho kina mtego wake. Fonti moja hubeba vipimo vitatu vya kimo: vya jedwali la hhea, vya OS/2 vya aina ya typo, na vya OS/2 vya aina ya win. Mac husoma hhea, GDI husoma win. Mbunifu wa fonti asipovilinganisha, kitufe ulichokipima kwenye Mac kitakata mkia wa g na y kwenye Windows. Ukiongeza kwamba alama 12 za uchapaji ni pikseli 12 kwenye hesabu ya Mac na pikseli 16 kwenye Windows ya asilimia 100, unaelewa kwa nini wengi huamua kubeba kila kitu na kulala usingizi.

Lakini kubeba kila kitu kuna viwango, na kiwango cha chini ni kibaya. Maktaba kama stb_truetype, ambayo Dear ImGui (zana ya kuundia majopo na vitufe) huitumia kwa chaguo-msingi, hujaza pikseli na kutoa upana wa kila herufi, basi. Kwa jopo la mhandisi anayekagua kumbukumbu ya kadi ya picha, inatosha. Mpe neno "habari" kwa hati ya Kiarabu, kama lilivyoandikwa pwani kwa karne nyingi, yaani حَبَارِ, na utapata ح na ب na ا na ر zimesimama mbalimbali kama watu waliogombana, zikisomwa kutoka kushoto, huku irabu zikielea pembeni badala ya kukaa juu na chini ya herufi zake. Kiswahili cha hati hiyo hakisomeki bila irabu, kwa hiyo hapo hakuna cha kusamehe. Ongeza herufi ya ziada kama ڠ, ambayo fonti nyingi za Kiarabu hazina: injini italeta fonti ya akiba kwa herufi hiyo moja, na hata umbo likichaguliwa sawasawa, mstari wa kuunganishia huingia ukiwa juu au chini kidogo ya wenzake. Tiba ni kuchagua fonti yenye herufi zote za neno, na kubadili fonti kwa neno zima, si kwa herufi.

Wanaopanda ngazi hadi HarfBuzz hukosea mahali panapojulikana. Matokeo ya hb_shape, amri ya kupanga maumbo, ukitumia hb-ft, kiungo chake na FreeType, huja katika sehemu za 64 za pikseli. Ukisahau kugawa kwa 64, herufi zinatawanyika mbali mno na karibu zote zinatoka nje ya dirisha. Bendera ulizompa FreeType za kupakia herufi lazima ziwe zile zile ulizozitaja kwa hb_ft_font_set_load_flags, la sivyo upana unatoka kwenye herufi zilizonyooshwa (zilizorekebishwa zikae sawa kwenye gridi ya pikseli) na picha inatoka kwa zisizonyooshwa, na nafasi kati ya herufi zinayumba. Na hb_buffer_guess_segment_properties si mgawaji wa maandishi. Sentensi yenye Kiswahili cha Kilatini na Kiarabu kwa pamoja lazima uigawe mwenyewe kwanza kwa mwelekeo, kwa hati na kwa fonti, ndipo kila kipande kipelekwe.

Kwenye Linux mabishano haya karibu yanakosa maana: fontconfig huchagua, HarfBuzz hupanga, FreeType hujaza. "Injini ya mfumo" na ile unayotaka kuibeba ni kitu kile kile, tofauti ni nani anaisasisha. Tumia ya mfumo.

Kuna dhana moja ya kuondoa hapa. Baadhi husema DirectWrite au Core Text huwasaidia wasioona, kwa sababu kisoma-skrini "kinaona" maandishi. Hakioni. Zote mbili huchora pikseli tu. Kinachosomeka na NVDA, kisoma-skrini cha Windows, ni kile programu inachokitangaza kupitia njia kama UI Automation, na hilo hulipata bure kwa kutumia visanduku na vitufe vya mfumo wenyewe, si kwa kuazima kalamu yake.

Uamuzi wangu ni kugawa kazi. Kupanga maumbo na mistari ni mali ya waraka, kwa hiyo kufanane kila mahali. Kujaza pikseli ni mali ya skrini na macho ya mtumiaji, kwa hiyo mfumo ufanye. Firefox hufuata njia hii: HarfBuzz hupanga, na kwenye Windows DirectWrite hujaza. Chukua IDWriteFontFace, ipeleke kwa hb_directwrite_face_create, panga, kisha namba za maumbo na nafasi zake zipeleke kwa DrawGlyphRun. Kwenye Mac jozi yake ni hb_coretext_face_create na CTFontDrawGlyphs. Upande wa Windows tumia DWRITE_RENDERING_MODE_NATURAL_SYMMETRIC. Ukiiacha katika hali ya GDI, herufi zitachorwa kwa upana ambao HarfBuzz hakuuhesabu. Vikaragosi vya rangi vinataka hatua ya ziada, TranslateColorGlyphRun, vinginevyo hutoka vyeusi.

Njia hii ina bei: majukwaa mawili ya kupima badala ya moja, na picha mbili zisizofanana hata kidogo ukizilinganisha pikseli kwa pikseli. Ndiyo maana mchezo wa kompyuta, au programu inayochoma manukuu ndani ya video, ibebe injini nzima. Pale pikseli zenyewe ndizo bidhaa. Na fomu ya kuingizia stakabadhi haihitaji lolote kati ya haya. Weka visanduku vya mfumo uende nyumbani.

Njia yoyote utakayochagua, ipime kwa mstari wenye "katika", "safi", "ng'ombe", neno moja la Kiarabu lenye irabu na kikaragosi kimoja. Weka kishale kati ya f na i ya "safi" uone kama kinakubali kusimama hapo. Kisha lisogeze dirisha kutoka skrini ya asilimia 100 hadi ya asilimia 150 bila kulifunga. Herufi zikibaki na ukungu, picha ulizohifadhi za ukubwa wa kwanza bado ndizo zinazotumika, na inabidi zitupwe skrini inapobadilika.