Gari la Kitufe na Maombi Yake

Ufunguo wa zamani ulikuwa chuma, tena mzito. Unautia, unauzungusha nusu, taa ya koili, ile ya kuonyesha injini ya dizeli inapashwa, inawaka, unasubiri izimike, unapiga stata. Gari la dizeli likigoma unalisikia likigoma: linakohoa, linatoa moshi, mtaa mzima unajua. La kitufe, linalowashwa kwa kubonyeza tu, likigoma linanyamaza. Taa zinakonyeza, kitu kinalia ti-ti-ti, na shangazi aliyekaa nyuma na mikoba ya Marikiti anauliza, "Kwani hulijui gari lako?"

Hajui kwamba kile kitufe hakiwashi chochote. Kinapeleka maombi tu, na wa kuyaamua ni kompyuta. Ukikanyaga breki na kubonyeza, antena zilizofichwa ndani ya gari zinarusha mawimbi ya chini, kilohezi 125 hivi, yasiyofika mbali zaidi ya mita moja. Rimoti, ule ufunguo wa siku hizi unaokaa mfukoni, ikiyasikia inajibu kwa namba ya siri kupitia masafa mengine, karibu megahezi 315 kwa magari mengi ya soko la Japani. Namba ikikubaliwa, usukani unafunguliwa. Kompyuta ya injini nayo inathibitisha. Gia inaulizwa kama iko P (ya kuegesha) au N (huru). Hita plagi, vile vijiti vya kupasha silinda, zinaulizwa kama zimepata moto. Hapo ndipo rilei, swichi ya umeme ya stata, inapokea umeme. Mambo yote hayo huisha kabla hujamaliza kusema bismillahi, lakini idara yoyote ikikataa kutia sahihi, faili linarudi, kama vile umekwenda kutafuta leseni ya kibanda.

Na idara inayoongoza kwa kukataa ni breki. Juu ya kanyagio, chini ya usukani, kuna swichi ndogo ya plastiki, ile ile inayowasha taa nyekundu za nyuma. Ikifa, au fyuzi iliyoandikwa STOP ikikatika, kompyuta inaamini hujakanyaga. Unabonyeza, redio inawaka. Unabonyeza tena, dashibodi yote inawaka. Unabonyeza mara ya tatu, kila kitu kinazimika. Mtu anaweza kucheza mchezo huo mpaka adhuhuri, na fundi wa njiani akamwambia stata imekufa. Kabla hajaifungua, mwambie mtu asimame nyuma atazame taa za breki wakati unakanyaga. Zikibaki giza, tafuta swichi na fyuzi, stata iacheni ipumzike. Na kama umelikanyaga kanyagio mara nyingi injini ikiwa imezimwa, litakuwa gumu kama jiwe kwa sababu vakyumu inayousaidia mguu imekwisha. Kanyaga kwa nguvu zaidi ya kawaida, maana mguu wa kubembeleza hauifikii swichi.

Toyota nyingi za kitufe wenye kuziunda wameziachia njia ya dharura ya kuwashia. Gia P, hendibreki juu, bonyeza mara moja bila breki ili iingie hali ya redio, kisha kanyaga breki kwa nguvu na ushikilie kitufe kwa sekunde 15 hivi. Inaweza kuwaka hata swichi ya breki ikiwa mgonjwa. Limeandikwa kwenye kitabu cha gari, lakini kitabu chenyewe ni cha Kijapani, tunakitumia kuwekea chipsi. Na ikiwa taa ndogo ya kijani kwenye kitufe inapepesa haraka haraka, tatizo ni kufuli ya usukani: uzungushe kushoto na kulia huku unabonyeza.

Tuje kwenye dizeli yenyewe. Injini hii haina cheche. Inakandamiza hewa mara 14 mpaka 18 hivi, hewa inapita nyuzi 500, dizeli ikinyunyizwa inashika moto yenyewe. Injini ikiwa baridi, joto hilo linanyonywa na chuma, ndiyo maana kila silinda ikapewa hita plagi, ncha yake ikipita nyuzi 800 ndani ya sekunde chache. Kwenye gari la ufunguo, kusubiri ilikuwa kazi yako. Kwenye la kitufe, kompyuta inakusubirishia: umebonyeza, kimya, kumbe inapasha. Mwenye haraka anadhani limekataa, anaachia breki, anabonyeza tena. Kwenye dizeli kama za Mazda, ukiachia breki kabla injini haijanguruma, maombi yanafutwa na unaanza upya. Kaza mguu wako hapo hapo mpaka ngoma ilie.

Sasa utasikia wataalamu wa barazani: "Huku Mombasa joto lote hili, hita za nini?" Ni kweli kwamba mchana wa nyuzi 31 taa ya koili haikai. Lakini kwenye injini za kisasa plagi hizo huendelea kuwaka hata baada ya injini kushika, kupunguza moshi na ule mlio wa kugongagonga. Ikiungua moja, injini inatetemeka asubuhi, taa ya injini inakutolea macho, na ukipanda nalo Limuru kwenye baridi ya mwezi wa saba utajua hujui. Kuipima, ivue waya, tumia mita ya omu: nzima husoma chini ya omu mbili, iliyokatika haisomi kitu. Na fundi akitaka kuijaribu kwa kuigusisha kwenye betri, mshike mkono. Nyingi za kisasa zimetengenezwa kwa volti 5 au 7, kompyuta ndiyo inayozipimia umeme. Ukizipa volti 12 moja kwa moja zinang'aa vizuri sana, mara ya mwisho.

Betri ndiyo inayobeba msiba wote. Dizeli ni ngumu kuzungusha, stata yake inakula umeme mwingi, na hita nazo zinadai zao dakika hiyo hiyo. Betri iliyopumzika usiku isome volti 12.6. Ikisoma 12.2 iko nusu. Stata inapozunguka isishuke chini ya 9.6, vinginevyo kompyuta zinaanza kupoteza fahamu na kukuandikia makosa kumi ya uongo kwenye dashibodi. Hapa kwetu kuna na upepo wa chumvi. Gari likilala Nyali au Shanzu, vichwa vya betri vinaota unga wa kijani na nyeupe, na waya wa ethi unaoshuka kwenye bodi unaliwa chini kwa chini huku juu unaonekana mzima. Betri mpya inanunuliwa, gari linasema ta-ta-ta vile vile. Fungua waya wa hasi kwanza, wa chanya baadaye, osha kwa maji moto na magadi soda, kausha, piga grisi, rudisha hasi mwisho. Ethi nayo ifungue uikwangue mpaka chuma king'ae.

Wale vijana wanaotokea Mwembe Tayari gari likizimika tu, "Boss, tusukume?", wape salamu zao waende. Otomatiki haiwaki kwa kusukumwa: pampu ya mafuta ya gia inaendeshwa na injini, injini ikilala hakuna kinachounganisha magurudumu nayo. Utalipa soda za watu sita na gari liko Buxton, bado limezimwa.

Kuzima nako kuna mtego wake. Ukibonyeza gia ikiwa D (ya kwendea) au N, injini inakufa lakini gari nyingi haziingii OFF, zinabaki kwenye hali ya redio, nawe unashuka ukijiona umemaliza. Asubuhi betri ni kopo. Tia P kwanza, ndipo uzime, na utazame kitufe chenyewe kama taa yake imezimika.

Halafu kuna lile la kivuko cha Likoni. Bwana anaendesha, bibi anashuka Marikiti na mkoba wake, na rimoti imo mkobani. Gari linapiga kelele kidogo, linaandika onyo, lakini injini haizimiki, maana wenye kuunda hawakutaka ikufie katikati ya barabara. Bwana anafika foleni ya feri, anaona foleni haisogei, anazima kuokoa dizeli. Basi. Milango ya feri inafunguliwa, lori liko nyuma linapiga honi, bodaboda wanapita ubavuni wakitoa nasaha, na rimoti iko Marikiti inapimiwa bizari. Hapo hakuna ujanja wa kitufe wala wa sekunde 15. Ni kupiga simu na kulipa boda ailete.

Rimoti ikiwepo lakini betri yake imekufa, usihangaike. Hiyo ni sarafu ya volti 3, mara nyingi CR2032 au CR1632, soma ile ya zamani kabla hujanunua. Ndani ya rimoti kuna ufunguo mdogo wa chuma wa kufungulia mlango. Ukishaingia, kanyaga breki, gusisha rimoti kwenye kitufe chenyewe, kwa Toyota upande wenye nembo, subiri ilie, kisha bonyeza. Ndani ya rimoti kuna chipu inayopata umeme kutoka kwa koili ya kitufe, haihitaji sarafu. Sarafu inakwisha haraka kwa wanaotundika rimoti ukutani mita moja na gari, usiku kucha vinasalimiana.

Chipu hiyo inavumilia mengi, lakini usiifanyie majaribio ya kuogelea nayo ufukweni Pirates. Kikoi hakina mfuko, watu wanaifunga rimoti kwenye pindo la kiunoni, wanaingia majini, wanatoka na shaba iliyooza. Na magari mengi ya mnada wa Japani hushuka bandarini na rimoti moja tu. Kuandikisha ya pili wakati ya kwanza inafanya kazi ni kazi ya mtu mwenye mashine, anakaa kitini anamaliza. Zikipotea zote, itabidi kompyuta za gari zifunguliwe na kumbukumbu zake ziandikwe upya, gari libebwe kwa bredauni kufika kwa fundi, na magurudumu yamefungwa P. Bei hutajiwi simuni. Utaambiwa, "Njoo tuongee, mzee."